Mzee bado anaimba, au tunalipia jina?

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, naishi Pasua. Baba yangu ametimiza miaka 74 na maisha yake yote amekuwa mtu wa dansi. Mwezi ujao kuna mwimbaji mkongwe, rika lake kabisa, anakuja kupiga Arusha. Kiingilio cha kawaida ni shilingi 30,000, na meza ya mbele ya watu sita ni 600,000. Nataka kumpeleka baba iwe zawadi. Mdogo wangu ananiambia nitatupa hela. Anasema hao wazee sauti zimekwisha, wanapandishwa jukwaani kama picha ya ukutani, bora ninunue spika nzuri nimpigie baba nyimbo zilezile nyumbani. Lakini huyohuyo mdogo wangu ni mpenzi wa rock ya Wazungu, na kila siku ananionyesha kwenye simu wazee wa miaka 80 wakijaza viwanja. Sasa nishike lipi? Wanastahili kuonwa, au tunalipia jina?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na mdogo wako, maana katika jambo moja anasema kweli na watu wa muziki hatupendi kulisema. Sauti huisha. Nimekaa nyuma ya mikisa, ile mashine ya kupangia sauti, hapa Arusha tangu mwaka 1998, Kaloleni mpaka Njiro, harusi, mikutano ya injili, dansi, na hawa vijana wetu wa hip hop, na sijawahi kumfungulia maiki mwimbaji wa miaka 70 nikamkuta na sauti yake ya miaka 30. Hayupo. Anayekuambia "bado yuleyule" ama ana mapenzi, ama ana tiketi za kuuza.

Kinachotokea ni hiki. Kooni kuna nyuzi mbili za sauti, ni misuli midogo iliyofunikwa ngozi laini, ndizo zinazotetemeka pumzi ikipita. Umri ukisogea misuli ile hunyauka na kingo zake hukakamaa, zikawa hazikutani vizuri kama zamani. Hewa inavuja katikati. Ndiyo ule upepo na ule mkwaruzo unaousikia kwa mzee hata akiongea tu. Mbavu nazo zinakuwa ngumu kupanuka, kwa hiyo mstari uliokuwa unaimbwa kwa pumzi moja sasa unadai mbili. Wanawake sauti huelekea kushuka baada ya kukoma hedhi, wanaume waliozeeka sana huelekea kupanda kidogo na kuwa nyembamba. Kwa wote wawili, kinachoaga kwanza ni noti za juu, na hasa kuzishika noti hizo zikatulia bila kuyumba.

Hapo ndipo dansi letu lina shida kuliko rock, na mdogo wako hilo hajalifikiria. Muziki wa kina baba yako, wa kwetu na wa Kongo, ulijengwa juu ya sauti za kiume nyembamba zinazopanda. Mtu aliyejulikana kwa kukwaruza na kunguruma anaweza kuzeeka na watu wasigundue kwa miaka 20. Aliyejulikana kwa kupaa, siku akishindwa kupaa ukumbi mzima unajua. Kwa hiyo kabla ya yote jiulize huyu anayekuja alikuwa wa aina gani. Kama umaarufu wake ulikuwa kwenye zile kelele tamu za juu kabisa, tegemea kwamba hizo hutazisikia kutoka kinywani mwake.

Sasa kama unakwenda kununua noti za juu, baki Moshi. Mdogo wako amepiga hesabu kana kwamba kiingilio ni bei ya sauti. Acha nikueleze usiku mmoja, halafu utaona mtu analipia nini.

Ni miaka kadhaa sasa. Mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha ya kukunja vidole. Saa kumi jioni tunajaribu mitambo, mkongwe mmoja akashuka kwenye Noah amevaa sweta na kofia ya pama. Jina lake silitaji kwa sababu nitasimulia na ulemavu wake. Akaomba stuli na chai ya tangawizi isiyo na sukari. Nikampa maiki. Mimi, kwa heshima, nilikuwa nimeshamwekea mwangwi mwingi, kama tunavyofanya kwa wazee wote, maana mwangwi unaficha nyufa. Akaimba mstari mmoja, akasimama. "Toa huo mwangwi, mwanangu, nijisikie nilipo." Katika miaka yangu yote ni huyo mmoja tu aliyeniomba niutoe. Wengine wote huomba niongeze.

Kisha akawageukia wapiga magitaa. "Shusheni." Alimaanisha washushe ufunguo wa wimbo, sauti nzima moja chini. Mpiga solo, kijana fundi kweli, akanuna. Alikuwa ameukariri wimbo ule kutoka kwenye rekodi, kidole kwa kidole, na sasa anaambiwa kila kitu kihamie pengine. Mzee hakubishana. Alikaa kwenye stuli akasubiri mpaka gitaa likalegezwa nyuzi zote sita. Halafu akamwita binti mmoja wa kuitikia, nadhani alikuwa hajafika miaka 25, akamwambia ile sehemu ya juu kwenye kiitikio ni yake. "Mimi nitakuwa chini yako. Usinisubiri." Walirudia mara nne. Mara ya nne nilisikia kitu ambacho kwenye rekodi hakimo: sauti mbili, moja ya msichana na moja nzito ya mtu mzima inayotembea chini yake kama mtu anayeshika ngazi asianguke aliye juu.

Usiku alipanda saa nne na nusu. Ubeti wa kwanza hakuuimba, aliusema, karibu na maiki, polepole, na watu waliokuwa wanapiga soga kwenye kaunta wakanyamaza mmoja mmoja. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyaga monita, ile spika ya sakafuni inayomrudishia mwimbaji sauti. Baadaye aliniambia sikio la upande ule halisikii tena, kwa hiyo besi anaipata kwa unyayo. Walipofika pale ambapo zamani yeye ndiye alikuwa anapaa, aliinua kidole kimoja, binti akapanda, na mzee akatabasamu akiangalia sakafu. Wazee wa meza za mbele walisimama. Hawakupiga kelele, walisimama tu. Aliimba nyimbo tisa, saa moja na dakika kama kumi hivi, akashuka akavaa sweta lake.

Hicho ndicho unacholipia, Mwalimu. Mtu mwenye umri wa baba yako anaimba maneno aliyoyaandika akiwa kijana, na sasa anayajua maana yake. Spika ya nyumbani haiwezi.

Na hao wazee wa rock wa mdogo wako, ukiwaangalia kwa jicho la fundi, wanafanya mambo yaleyale, ila kwa hela nyingi zaidi. Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, alizaliwa Julai 1943. Aprili 2019 alifanyiwa upasuaji wa kubadilishwa vali ya moyo, na Juni mwaka huohuo akawa amerudi jukwaani Chicago anakimbia. Watu husema ni miujiza. Baba yake alikuwa mwalimu wa michezo shuleni, mwenzako huyo, na mwanaye amefanya mazoezi kama mchezaji tangu zamani. Lakini angalia vizuri jukwaa la Rolling Stones. Wakongwe ni watatu, Jagger, Keith Richards na Ronnie Wood. Nyuma yao kuna kinanda, saksafoni, waitikiaji, na tangu Charlie Watts afariki Agosti 2021 akiwa na miaka 80, dramu anapiga Steve Jordan. Richards mwenyewe ana baridi yabisi vidoleni na amekiri kwamba imembadilishia upigaji. Mzigo umegawanywa. Ziara yao ya Marekani ya 2024 ilidhaminiwa na AARP, jumuiya ya Wamarekani wenye miaka 50 na kuendelea, na wala hawakuona haya. Ningependa kuona bendi yetu moja ikidhaminiwa na mfuko wa pensheni.

Wapo waliojaribu kubeba mzigo wote wenyewe. Aerosmith walianza ziara ya kuaga mwaka 2023, mwimbaji wao Steven Tyler akaumia koo baada ya maonyesho machache tu, na Agosti 2024 wakatangaza kwamba hawatazunguka tena. Nyimbo zao ni za kupiga mayowe ya juu, na huwezi kuzishusha sana zikabaki zenyewe. Paul McCartney, yule wa Beatles, yuko katikati. Alipanda kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, Juni 2022 wiki moja baada ya kutimiza miaka 80, akapiga karibu saa tatu. Sauti imechakaa, kila mtu anaisikia. Lakini ana nyimbo ambazo umati mzima unazijua, na yeye anazipiga kwa mikono yake, kinanda, gitaa, besi, kwa hiyo koo linapata msaada kutoka vidoleni.

Aliyenifurahisha kuliko wote ni mwimbaji Leonard Cohen wa Kanada. Alikuwa ameacha maonyesho karibu miaka 15, aliyekuwa meneja wake akamla akiba ya uzeeni, akalazimika kurudi barabarani mwaka 2008 akiwa na miaka 73. Alizunguka dunia mpaka 2013. Sauti yake haikuwahi kuwa ya kupaa, na uzee uliizamisha chini zaidi mpaka ikawa kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Maonyesho yalifika saa tatu na watu wakasema hajawahi kuwa mzuri hivyo. Njaa ilimrudisha, lakini hakuja na sauti ya kuazima.

Na yupo Ozzy Osbourne. Tarehe 5 Julai 2025 alipanda kwenye uwanja wa Villa Park, Birmingham, katika mtaa aliokulia, mgonjwa wa Parkinson asiyeweza kusimama. Aliimba ameketi kwenye kiti kikubwa cheusi kama cha mfalme, na wenzake watatu wa mwanzo wa Black Sabbath pembeni. Wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 22, akafariki. Mwambie mdogo wako akutafutie picha za siku ile, aangalie nyuso za waliokuwa uwanjani, halafu akuambie kama walikuwa wanadai noti za juu.

Kwetu mfano wangu ni mmoja, Bi Kidude wa taarab ya Zanzibar. Aliimba mpaka uzee wa kupindukia, miaka yake hakuna aliyeijua kwa hakika, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, akiwa tayari ni bibi wa mabibi. Alifariki Aprili 2013. Sauti ile ilikuwa kavu kama jani la mgomba la mwezi wa tisa. Hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye tamasha la Sauti za Busara akilalamika kwamba Bi Kidude amezeeka. Alikuwa hajigezi kwa Bi Kidude wa zamani.

Nikurudishe kwenye kanda za baba yako, maana zina ujanja wake. Nyimbo nyingi za dansi zilirekodiwa studio za Redio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Kwa hiyo kile baba anachokisikia ni usiku mmoja wa watu waliokuwa vijana, umegandishwa. Tunamlinganisha mzee na picha yake ya ujana, na picha haizeeki. Waliobaki vijana masikioni mwetu ni wale waliotangulia mapema. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Januari 1979 akiwa na miaka 34. Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, aliondoka 1991 na miaka 45. Wenzao walioishi tunawadai sauti ambayo hata hao wawili wasingekuwa nayo leo.

Sasa upande wa pili, nisije nikaonekana nawatetea wote. Kuna wanaotuibia.

Mwaka fulani, ukumbi siutaji wala aliyeandaa, aliletwa mkongwe ambaye mimi mwenyewe nimekua nikimsikia redioni kila Jumapili. Bendi haikuja. Alikuja mwandaaji na kompyuta ndogo mkononi. "Fundi, wewe bonyeza tu, mzee anajua." Nikabonyeza. Rekodi ya miaka ya themanini, yote, sauti na magitaa, na mzee ameshika maiki niliyoambiwa niizime. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili, katikati ya ubeti, mzee akapaliwa. Akageukia pembeni, ngumi mdomoni, anakohoa kikohozi cha kweli cha mtu mzima. Kwenye spika sauti yake ya ujana ikaendelea kuimba, safi, haina habari. Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya. Mama mmoja meza ya kwanza alianza kufunga mtandio wake taratibu, kama mtu anayetoka msibani kabla ya chakula. Nilitamani kuzima umeme wa ukumbi.

Simlaumu mzee. Wanamuziki wetu wengi wa enzi ile hawana pensheni wala mirabaha ya kueleweka, na mtu akimletea bahasha ya kuimba nyimbo nne kwa kufungua mdomo, ataikataa kwa lipi? Muhidin Gurumo, aliyeimba tangu enzi za NUTA Jazz, alipotangaza kustaafu mwaka 2013 watu walikuwa wanajiuliza alichovuna, na gari la kutembelea akapewa na Diamond, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Mwaka uliofuata mzee akatutoka. Lakini wewe ni mnunuzi, na kiingilio cha pleibeki, huko kufungua mdomo juu ya rekodi, hakitofautiani na bei ya samaki wa juzi.

Ujanja mwingine ni wa jina. Jina la bendi lipo, watu hawapo. Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu bendi zetu kubwa zimekuwa taasisi. Msondo ni NUTA Jazz ya mwaka 1964 iliyobadilishwa jina mara kadhaa, Sikinde imeanza 1978, na waimbaji wamepita humo kama walimu wanavyopita shule. Shule inabaki. Ukienda kusikia Msondo unakwenda kusikia mtindo, na mtindo unaweza kurithiwa vizuri kabisa. Ninachokisema ni yule mtu mmoja aliyewahi kupiga tumba miezi sita kwenye bendi fulani, leo anazunguka mikoani na jina zima la bendi hiyo. Huyo muulize maswali.

Kwa hiyo, kabla hujatuma hela, piga ile namba iliyo kwenye tangazo. Uliza bendi inayompigia ni ipi na inakuja na watu wangapi. Ukiambiwa "bendi kamili" bila jina, uliza tena. Uliza anapanda saa ngapi, na usikubali jibu la "kuanzia saa mbili", maana saa mbili wanapanda wanafunzi wa wanafunzi wake. Kwetu mkongwe huwekwa saa sita au saba usiku ili watu wanywe kwanza, na mtu wa miaka 74 akiamshwa kitini saa saba kuimba unapata nusu yake. Baba yako naye atakuwa amesinzia. Nikisikia mzee anapanda kabla ya saa tano najua aliyeandaa ana akili.

Halafu kaa na mdogo wako na simu yake, mtafute huyo mwimbaji kwenye YouTube. Zile video zilizopigwa vizuri achaneni nazo. Tafuteni iliyochukuliwa na mtu wa mezani kwa simu, inayotikisika, ya mwaka huu au uliopita. Wekeni na rekodi ya zamani ya wimbo huohuo pembeni, muimbe mkifuatisha zote mbili. Kama ya sasa inawalazimisha kuimba chini kidogo kuliko ile ya kale, furahini, mzee ameshusha ufunguo, amekubali umri wake, na mwenye kukubali hivyo mara nyingi ameshaandaa mengine yote. Kama iko palepale na anaifikia kwa kupiga kelele au anaelekeza maiki kwa watu kila mstari wa juu unapokaribia, mnajua. Kuwaachia watu wa ukumbini mstari mmoja ni utamu wa dansi. Akiwaachia wimbo mzima, mnajiimbia wenyewe kwa 30,000. Na kama iko palepale na ni safi kabisa, hata pumzi haisikiki, basi angalieni mdomo na maiki vinavyoachana.

Sikilizeni pia chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wakacheza. Wimbo ukishaingia kwenye chemko mwimbaji anapumzika na magitaa yanachukua usukani, kwa hiyo bendi nzuri inaweza kumbeba mzee usiku mzima kwa kurefusha chemko, naye akarudi kwenye beti akiwa na pumzi. Rock haina nafasi kubwa namna hiyo, wao mwimbaji yuko mbele muda wote. Ndiyo maana nasema dansi lina shida kuliko rock kwenye koo, lakini lina dawa yake mwilini mwake. Mpiga solo wa huyo mkongwe ni muhimu karibu sawa na mkongwe mwenyewe. Ukiona jina lake limeandikwa kwenye tangazo, ongeza imani.

Ile meza ya laki sita usiinunue. Nasema kama mtu anayepanga hizo spika. Meza za mbele ziko kwenye mdomo wa spika za besi, na mkongwe mwenyewe, kama anaimba kwa sauti ndogo, utamsikia vibaya kuliko mtu wa katikati, kwa sababu pale mbele dramu na magitaa vinakufikia moja kwa moja kutoka jukwaani. Sauti ninayoipanga ninaipanga kwa ajili ya pale nilipokaa. Chukua viingilio vya kawaida, wewe, baba, na huyo mdogo wako, 90,000, mfike mapema mkae karibu na meza ya fundi mitambo. Kila ukumbi ipo, katikati au nyuma kidogo, yenye taa ndogo ya bluu. Mwombe fundi kistaarabu, mwambie mzee wangu huyu. Mimi sijawahi kumkatalia mtu.

Fedha iliyobaki panga usafiri. Moshi na Arusha ni kilomita kama 80, lakini usiku wa manane Coaster huzipati, na sipendi mzee arudi kwenye lile barabara na dereva aliyekuwa anawasubiri baa. Tafuteni gesti mlale, mrudi asubuhi baada ya supu. Beba koti la baba hata kama Moshi mmetoka mnatoka jasho.

Kuhusu spika ya nyumbani, nunua tu siku nyingine, si mbaya. Ila siku ya onyesho usimpigie baba zile rekodi njiani. Watu wengi hufanya hivyo, wanafika ukumbini masikio yamejaa sauti ya mwaka 1979, halafu mzee wa watu akifungua mdomo wanaona amewapunja. Mwache baba asimulie badala yake. Muulize alicheza wapi, na nani. Wa umri wake pengine anawakumbuka hata kina Kinyonga, Wilson na George, walivyotoka Tanga wakaweka kambi hapa Arusha na Arusha Jazz yao kabla hawajavuka kwenda Kenya mwaka 1971 na kuwa Simba Wanyika.

Na jambo moja dogo: mzee wa dansi lazima atataka kwenda kutunza. Usimpe noti moja ya elfu kumi. Badilisha mapema ziwe za elfu moja na elfu mbili, umtilie mfukoni kwenye koti, upande wa mkono anaoutumia. Atapanda mara nyingi, kila mara na noti moja, na hapo jukwaani watasogeleana wazee wawili wasiojuana, mmoja anaimba mwingine anambandika hela kipajini. Mpigie picha mara moja, halafu weka simu chini.